Kikumi inazima mlimani: pampu ya pili ya mafuta imekufa ndani ya miezi 4. Kinachoziua ni nini?

Kikumi_Tororo

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni. Naendesha Corolla AE100 ya mwaka 1994, hii tunayoiita kikumi, injini ni 5A-FE. Nimekaa nayo miaka 9 na sina mpango wa kuiuza. Ndiyo inayonipeleka sokoni Mbale kila Jumatano, na ndiyo iliyomfikisha mke wangu hospitali usiku ule wa mtoto wetu wa pili. Kwa hiyo naomba msaada kwa dhati.

Mwezi wa pili ilianza kukohoa. Kwenye tambarare kati ya Tororo na Mbale haina neno. Nikipakia mzigo nikaanza kupanda kwenda Kapchorwa, nguvu zinaisha. Nakanyaga mafuta lakini gari haiongezi mwendo, inatikisika, kisha inazima. Nikisubiri dakika 20 inawaka tena. Asubuhi inashika kwa stata moja, mchana injini ikiwa moto nazungusha stata mpaka naihurumia betri. Na pale chini ya siti ya nyuma kuna mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Makanika akasema ni pampu ya mafuta. Tukaweka ya mtumba kwa shilingi 90,000, gari ikapona. Baada ya miezi 4, mlio uleule, mlima uleule. Sasa naambiwa ninunue ya tatu. Kabla sijatoa pesa naomba mnisaidie: pampu inakufa kwa sababu gani, na nitajuaje kama ni pampu kweli?

Dereva_Iganga

Pole sana ndugu. Mimi Corona yangu ilikuwa hivyohivyo. Fundi alitoa ule wavu mdogo ulio chini ya pampu, akasema unabana mafuta. Gari ilikimbia siku hiyohiyo. Jaribu hilo kwanza, halina gharama.

AfandeMstaafu

Dereva_Iganga, kaka, nakuheshimu, lakini ushauri huo tusimpe mtu. Nimetengeneza magari jeshini miaka mingi na nimefungua matangi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ule wavu, wengine tunauita soksi, upo kwa sababu ndani ya pampu nafasi kati ya vyuma ni finyu mno. Chembe ya mchanga ambayo jicho halioni inatosha kukwangua. Ukiuona umeziba, maana yake umefanya kazi yake: weka mwingine mpya na usafishe tangi. Ukiutoa, gari itakimbia wiki kadhaa huku pampu ikisagika, ndiyo maana umeona nafuu.

Sasa Kikumi_Tororo, mwanangu, nikueleze pampu yako inavyoishi. Ni mota ya umeme iliyozamishwa ndani ya petroli. Petroli inavutwa kutoka chini, inapita katikati ya mota yenyewe, inatokea juu kwenda mbele. Hakuna oili humo. Petroli ndiyo inayoipoza na ndiyo inayoilainisha. Tangi likiwa limeshuka sana, pampu inabaki hewani na joto lake halina pa kwenda. Pia mafuta kidogo yanayozunguka kwenda mbele na kurudi yanapata moto upesi, na petroli ya moto inatoa mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma kama inavyosukuma majimaji. Hapo ndipo mlio wa nyuki unapotokea.

Na kuhusu mlima. Injini ikiwa imetulia inakula mafuta kidogo mno. Pampu inasukuma mengi kuliko yanayotakiwa, na yanayobaki yanapitia kwenye regulata, kile kifaa kinachoshikilia presha, kurudi tangini. Kwa hiyo hata pampu mgonjwa inaonekana nzima ukiwa umesimama gereji. Ukianza kupanda na mzigo, nozeli zinazonyunyizia injini mafuta zinafunguka muda mrefu zaidi kila mzunguko na zinahitaji ujazo. Pampu dhaifu haina ujazo huo, presha inaanguka, injini inapata hewa nyingi na mafuta machache. Kapchorwa ndiyo iliyokupimia.

Nina swali moja na nataka jibu la kweli. Kwa kawaida unatembea na mafuta kiasi gani tangini?

Kikumi_Tororo

Mzee, nakujibu kweli. Taa ya mafuta kwangu haizimi. Tangu ule uhaba wa Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia na petroli ikapanda bei vibaya, nilizoea kununua ya shilingi elfu kumi, naendesha, nanunua tena. Uhaba uliisha, mazoea yakabaki. Na wakati mwingine nimetia ya jerikeni ya kando ya barabara, sikuwahi kuichuja.

AfandeMstaafu

Asante kwa ukweli. Basi sababu mbili tumezipata bila kushika spana. Tangi tupu linaichoma, na jerikeni inaleta uchafu na maji. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, palepale pampu inapovuta. Tangi la chuma la miaka 30 likikaa tupu upande wa juu, hewa yenye unyevu inaanzisha kutu, na kutu inaanguka chini kama unga mwekundu. Kuanzia leo usishuke chini ya robo.

Usinunue chochote kwanza. Pima.

Fungua boneti, tafuta kisanduku kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukifungua kifuniko chake utaona vitundu vyenye herufi kwa ndani. Unganisha +B na FP kwa kipande cha waya, fungulia swichi bila kuwasha injini. Pampu itazunguka mfululizo na utaisikia ukiweka sikio kwenye mdomo wa tangi. Kama haizunguki kabisa, angalia fyuzi iliyoandikwa EFI na rilei zake, yaani swichi za umeme, kabla ya kuihukumu. Nimeona pampu nzima ikitupwa kwa sababu ya fyuzi.

Kisha presha. Geji inafungwa pale juu ya filta ya mafuta, ile iliyo kwenye chumba cha injini, kwenye boti (bolti) yenye tundu. Weka washa mpya mbili, vile vipete vya kuzibia boti, za zamani zitavuja. Kwa injini hizi za 4A, 5A na 7A za miaka hiyo, pampu ikizungushwa kwa waya presha iwe kati ya psi 38 na 44. Injini ikiwaka na kutulia, mpira mwembamba wa vakyumu ukiwa umechomekwa kwenye regulata, ishuke mpaka kati ya 30 na 37. Ukizima, baada ya dakika 5 isiwe chini ya 21. Ikianguka mara moja hadi sifuri, kilango kidogo cha ndani ya pampu hakifungi, au regulata au nozeli inavuja, na huo ndio ugumu wako wa kuwasha mchana.

Presha ikiwa ndogo, bana kidogo mpira wa kurudisha mafuta, sekunde mbili tatu tu, kwa koleo lenye kitambaa. Geji ikiruka juu sana, pampu ni nzima na regulata ndiyo inayoachia. Isipopanda, rudi nyuma: filta, waya, soksi, pampu.

FundiWaNdeeba

Afande amesema sawa, mimi naongeza la waya kwa sababu ndiyo ninaloliona kila wiki. Chukua mita, pima volti kwenye betri, kisha pima palepale kwenye soketi ya pampu, pampu ikiwa inazunguka. Ukipima ikiwa imechomolewa utaona volti 12 nzuri na utadanganyika, maana waya ulioliwa na kutu unaonyesha volti zote mpaka udaiwe umeme. Tofauti ikizidi volti moja, una kazi ya kutafuta. Mara nyingi ni ethi, ule waya unaofungwa kwenye bodi. Ikiwa na kutu, pampu inazunguka polepole, na soketi inapata joto mpaka plastiki inageuka rangi ya kahawia.

Na kuhusu pampu feki, zipo nyingi, zina sanduku la jina kubwa na bei ndogo. Mimi naziweka mkononi mbili pamoja. Feki ni nyepesi, maandishi yake yanatoka ukisugua kwa kidole chenye petroli, na kingo za plastiki zina mabaki makali ya ukalibu. Ukienda Kisekka, soko la vipuri Kampala, nenda na pampu yako ya zamani mkononi, muulize muuzaji akuruhusu kuijaribu ile mpya kwa betri sekunde moja, halafu udai risiti yenye maneno ya kurudisha. Anayekataa yote mawili, mwachie pampu yake.

DadaWaBusia

Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu. Mimi nina Ipsum, walibadilisha pampu wiki mbili zilizopita. Gari inakwenda vizuri ila ndani kuna harufu ya petroli, zaidi nikijaza tangi. Fundi alisema itaisha yenyewe. Alipaka silikoni pale alipofunga. Nabeba watoto nyuma. Ni kawaida?

AfandeMstaafu

Dada, si kawaida na haitaisha yenyewe. Usiwabebe watoto humo mpaka ifunguliwe. Petroli inailainisha silikoni ile ya kawaida, inavimba na kuachia, na vipande vyake vinaweza kudondokea tangini. Pale panataka gasket mpya, ile ya mpira iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, juu ya uso uliosafishwa. Boti zake zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, si moja mpaka mwisho halafu nyingine. Ukijaza tangi na harufu ikaongezeka, ni dalili kwamba panapovuja ni juu, kwenye kifuniko au mipira yake. Leo endesha madirisha yakiwa wazi, nenda moja kwa moja gereji, asivute mtu sigara.

Kwa kuwa umelileta hili, nitalikalia kidogo. Miaka ya nyuma nilikuwepo gereji moja, kijana alikuwa chini ya shimo anashusha tangi. Alikuwa na taa ya balbu kwenye waya, ile ya kuning'iniza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatiririka chini na kujaa shimoni, na wewe uliye juu husikii hata harufu kali. Taa ikaanguka, balbu ikapasuka. Kijana alipona, lakini mikono yake haijarudi kuwa ile aliyokuja nayo kazini. Nilimfunga kitambaa kwa mikono hii. Ndiyo maana nikimwona mtu anafungua tangi ndani ya chumba, au juu ya shimo, au simu ikiwa mfukoni inaita, nasimamisha kazi hata kama gari si langu.

Kazi hii ifanyike nje penye upepo, injini imepoa, mtungi wa kuzimia moto wa unga uko karibu, si ofisini. Kabla ya kulegeza bomba lolote punguza presha: chomoa soketi ya pampu injini ikiwa inaunguruma, iache ijizime, piga stata mara moja au mbili, kisha toa waya hasi wa betri. Gusa bodi ya gari kwa mkono mtupu kabla ya kuinama juu ya tangi, hasa ukiwa na nguo za nailoni.

Na tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Lililojaa lina majimaji, tupu lina mvuke uliochanganyika na hewa. Likiwa na tundu asije mtu kukuambia tulichomelee kwa sababu limekauka.

DadaWaBusia

Asante sana baba. Nimeiegesha. Watoto wataenda shule na boda wanayemjua mpaka itengenezwe.

Mwalimu_Mbale

Nasoma kwa makini maana nami nina kikumi. Swali: kuna mtu aliniambia nifunge pampu ya nje, ile inayokaa kwenye bomba chini ya gari, ili nisihangaike na tangi tena.

FundiWaNdeeba

Mwalimu, inawezekana, nimezifunga kwa watu walioshikilia, lakini siipendi. Pampu inayokaa nje inapenda kusukuma, haipendi kuvuta. Ikivuta kutoka mbali juu ya bomba refu kwenye jua la mchana, mafuta yanatoa mvuke na inalia. Tena inakaa chini ya gari kwenye mawe ya barabara zetu, na wengi wanaunganisha waya wake moja kwa moja kwenye swichi bila kupitia rilei ya gari. Rilei ile inakata pampu injini ikizima. Ukiiruka, siku ukipinduka pampu inaendelea kumwaga petroli kwenye injini ya moto.

Kikumi_Tororo

Nimerudi na majibu. Jumamosi nimeshinda nyuma ya nyumba na shemeji yangu, geji tuliazima, mita ni yangu.

Presha kwa waya: psi 24. Tulipobana mpira wa kurudi ikafika 27 tu. Filta tukabadilisha, ile ya zamani tuliipuliza kwa mdomo ikakataa kabisa na ikatoa maji meusi. Presha ikapanda kidogo, 26.

Kisha volti kama FundiWaNdeeba alivyosema. Betri 12.3. Kwenye soketi ya pampu, ikizunguka: 9.4. Nilidhani mita imeharibika nikapima mara tatu. Tukafuata waya wa ethi mpaka chini ya zulia upande wa kushoto, pale maji ya mvua huingia kupitia mpira wa mlango uliochakaa. Boti ilikuwa imevimba kwa kutu, waya umegeuka kijani. Tukakwangua mpaka chuma cheupe, tukafunga kichwa kipya, tukapaka grisi. Volti ikawa 11.7, presha ikapanda hadi 33.

Ndugu zangu, pampu niliyoambiwa imekufa ilipata uhai hapohapo kwa msasa wa shilingi elfu moja. Lakini 33 bado haitoshi, kwa hiyo tukafungua tangi.

Tulitoa siti, tukafungua kifuniko kwenye sakafu, tukasafisha vumbi lote kwa brashi kabla ya kulegeza kitu (humo kulikuwa na mchanga wa kujaza kikombe). Tukachukua spana ya soketi namba 8, tukazifungua boti ndogo zinazozunguka, tukaitoa taratibu kwa kuinamisha ili mkono wa geji ya mafuta usipinde. Na hapo nikaona. Soksi haipo. Pampu ya pili ilifungwa bila soksi. Nilimpigia makanika, akakiri kwamba aliiona imechanika akaiacha, akidhani haina kazi. Sikugombana naye. Nimemsomea maneno ya Afande na amesema hajawahi kuelezwa na mtu.

Tangi tumelishusha, tumelisuuza kwa petroli safi kidogo mara nne. Mara ya kwanza ilitoka kama chai ya rangi yenye unga chini.

AfandeMstaafu

Kazi nzuri sana, mwanangu. Sasa pampu ya tatu umeistahili. Ukiifunga angalia vitu viwili ambavyo watu wanavipuuza. Kile kipande cha mpira kinachounganisha pampu na bomba ndani ya tangi kiwe cha aina inayovumilia kuzama kwenye petroli. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa uloane ndani tu. Ukizamishwa, unavimba nje na kupasuka, na presha inavujia ndani ya tangi bila tone kuonekana chini ya gari. Utabadilisha pampu nyingine bure. Cha pili, ule mto mdogo wa mpira chini ya pampu usiusahau, ndio unaonyamazisha mtetemo.

Dereva_Iganga

Nami nimefungua ya kwangu baada ya kusoma hapa. Soksi nimenunua leo. Samahani Kikumi kwa ushauri wa mwanzo, niliutoa kwa nia njema.

Kikumi_Tororo

Najua kaka, hakuna ubaya.

Pampu nimechukua mpya, si ya mtumba, imenigharimu karibu mara nne ya ile ya kwanza. Imekuja na soksi yake. Mpira wa kuzamishwa na gasket nimenunua kando. Kabla ya kuwasha tulizungusha pampu kwa waya dakika mbili, tukapitia viungio vyote kwa tochi na kidole kikavu. Hakuna tone.

Presha kwa waya: 42. Injini imetulia: 34. Dakika 5 baada ya kuzima: 29. Volti kwenye soketi 11.8.

Jumatano nimepanda Kapchorwa na magunia matatu ya mahindi na mama mkwe. Gia ya tatu pale ninapozimikaga. Nilizima redio nisikilize vizuri. Haikukohoa. Kule juu nikazima injini, nikanywa chai, nikarudi ikiwa bado moto, ikashika kwa stata moja. Mama mkwe akauliza kwa nini natabasamu peke yangu.

Mwalimu, ukitaka kupima ya kwako Mbale, geji nimeirudisha lakini mwenyewe amekubali niiazime tena Jumamosi. Njoo na washa zako mbili mpya.

Mwalimu_Mbale

Nitakuja saa tatu asubuhi. Nimejaza nusu tangi leo.

DadaWaBusia

Ipsum imefunguliwa jana. Silikoni ilikuwa imelegea kama ugali uliolala majini, kipande kimoja kimetolewa ndani ya tangi. Gasket mpya imefungwa, nimejaza mpaka juu na kuliacha gari usiku kucha madirisha yamefungwa. Asubuhi hakuna harufu. Watoto wamerudi siti ya nyuma.